Moshi Unapopungua Angani, Nani Amepoteza Riziki?



Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Mada hii inaitazama methali hiyo kwa upande wa pili: moshi unapotoweka, moto uliozimika ni wa nani? Mwaka 2020 nchi nyingi duniani zilifunga viwanda, barabara na masoko ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa UVIKO-19. Viongozi walihitaji kujua hasara ilikuwa kubwa kiasi gani, na hesabu za kawaida zilikuwa bado hazijakusanywa. Wachumi wakaitazama hewa. Walipima uchafu uliomo angani kwa kutumia setilaiti, na kutokana na kupungua kwake wakakadiria jinsi shughuli za uzalishaji zilivyopungua.

Njia hiyo ina nguvu yake na ina upofu wake. Inafaa mkazi wa kata ayaelewe yote mawili, kwa sababu makadirio ya namna hii yanaweza kutumika kuamua eneo lipi limeumia na lisaidiwe mapema, na eneo lipi lisubiri.

Kwa nini hewa ilitumika kama kipimo

Pato la Taifa halihesabiwi kwa siku moja. Takwimu hukusanywa viwandani, mashambani, bandarini, katika mabenki na katika ofisi za kodi. Huhakikiwa, kisha hutangazwa baada ya robo mwaka kumalizika. Nchini India, serikali ya Waziri Mkuu Narendra Modi iliamuru wananchi wakae majumbani kuanzia tarehe 25 Machi 2020. Hesabu rasmi za robo ya Aprili hadi Juni zilitangazwa tarehe 31 Agosti mwaka huohuo. Zilionyesha kwamba uchumi ulikuwa umeporomoka kwa asilimia 23.9 ukilinganishwa na robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Kati ya amri na takwimu ilipita miezi mitano. Kibarua aliyekosa kazi mwishoni mwa Machi hawezi kusubiri hadi mwisho wa Agosti ndipo ithibitishwe kwamba alikosa kazi.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na kipimo cha hewa. Gesi iliyotumika zaidi huitwa nitrojeni dioksidi. Hutokea mafuta, makaa ya mawe au gesi asilia vinapochomwa kwa joto kali, kama ilivyo katika injini za magari, mitambo ya kufua umeme na tanuri za viwanda. Gesi hii ina sifa mbili zinazoifanya ifae kwa kazi hiyo. Kwanza, hufuatana na shughuli za watu: injini zikiwaka huongezeka, zikizimwa hupungua. Pili, haikai angani muda mrefu. Mchana penye jua hudumu kwa saa chache tu kabla ya kubadilika kuwa kitu kingine. Hewa ya ukaa, kinyume chake, hudumu kwa miaka mingi, hata iliyotoka leo ikachanganyika na iliyotoka zamani isijulikane ipi ni ipi. Nitrojeni dioksidi inayoonekana juu ya mji kwa kawaida imetoka katika mji huo au jirani yake, siku hiyohiyo au jana yake.

Oktoba 2017, Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilirusha setilaiti iitwayo Sentinel-5P, iliyobeba chombo kiitwacho TROPOMI. Setilaiti hiyo hupita juu ya kila eneo la dunia karibu mara moja kwa siku, mnamo saa saba na nusu mchana kwa saa za eneo husika. Chombo chake hupokea mwanga wa jua unaorudi angani kutoka duniani. Kila gesi hufyonza sehemu fulani za mwanga, hivyo kwa kuchunguza sehemu zilizopungua wataalamu hutambua gesi iliyopo na wingi wake. Marekani nayo ilirusha setilaiti ya Aura mwaka 2004, ambayo kumbukumbu zake za miaka mingi huwezesha hali ya mwaka mmoja kulinganishwa na ya miaka iliyopita.

China: dalili iliyotangulia takwimu

Mji wa Wuhan nchini China ulifungwa tarehe 23 Januari 2020. Siku mbili baadaye ilikuwa Mwaka Mpya wa Kichina. Kila mwaka, sikukuu hiyo inapofika, viwanda hufungwa, watu hurudi makwao, na nitrojeni dioksidi hushuka juu ya miji mikubwa. Sikukuu ikiisha, kazi huanza na gesi hupanda tena. Kwa sababu hiyo, kushuka kwa gesi mwishoni mwa Januari peke yake hakukuthibitisha lolote. Kilichowashtua wataalamu ni kwamba wiki zilipita na gesi haikupanda kama ilivyozoeleka. Wataalamu wa shirika la NASA la Marekani walieleza kwamba viwango vya mashariki na katikati ya China vilikuwa chini kwa asilimia 10 hadi 30 kuliko kawaida ya kipindi hicho.

Tarehe 17 Aprili, serikali ya China ilitangaza kwamba katika robo ya kwanza ya mwaka uchumi wake ulikuwa umepungua kwa asilimia 6.8. Huo ulikuwa upungufu wa kwanza tangu takwimu za robo mwaka zianze kutunzwa mwaka 1992. Dalili ya mvua ni mawingu. Safari hii dalili ya dhiki ilikuwa anga iliyotakata, nayo ilionekana zaidi ya mwezi mmoja kabla ya tangazo rasmi.

Haikuwa mara ya kwanza kwa hewa kusimulia habari za uchumi. Baada ya mtikisiko wa fedha duniani wa mwaka 2008, gesi hiyo ilipungua juu ya mji wa Athens wakati Ugiriki ilipozama katika madeni na ukosefu wa ajira. Tofauti ni kwamba Ugiriki ilishuka hatua kwa hatua kwa miaka kadhaa, ilhali mwaka 2020 miji ilinyamaza kwa siku chache. Wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa walitumia vipimo vya kila siku vya gesi hiyo kukadiria gharama ya kufungwa kwa shughuli katika nchi mbalimbali.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Gesi ikipungua kwa asilimia 30 haina maana kwamba uchumi umepungua kwa asilimia 30. Karani anayefanya kazi kwa kompyuta akiwa nyumbani huliacha gari lake bila kuliwasha, na mshahara wake huendelea kulipwa. Magari huchangia sehemu kubwa ya gesi ya mijini, kuliko mchango wake katika thamani ya bidhaa zinazozalishwa. Ndiyo maana wataalamu huanza kwa kuchunguza jinsi gesi na uzalishaji vilivyofuatana katika miaka ya nyuma, kisha wakatumia uhusiano huo kusoma hali ya sasa. Huondoa pia athari za upepo, mvua na majira, kwa kuwa wakati wa baridi gesi hudumu muda mrefu zaidi kuliko wakati wa jua kali.

India: anga safi na barabara za watembea kwa miguu

Aprili 2020, wakazi wa mji wa Jalandhar katika jimbo la Punjab walipanda juu ya paa za nyumba zao na kuona milima yenye theluji ya Dhauladhar, sehemu ya safu ya Himalaya. Wengi hawakuwahi kuiona kutoka mjini kwao kwa miongo kadhaa. Mjini Delhi, ambako moshi umekuwa sehemu ya maisha, anga lilikuwa la buluu. Picha za mandhari hiyo zilienea dunia nzima, na watu wengi walifurahi.

Siku hizohizo, mamilioni ya vibarua waliokuwa wakifanya kazi mijini walikuwa wakirejea vijijini kwao. Treni na mabasi yalikuwa yamesimamishwa, hivyo wengi walitembea mamia ya kilomita wakiwa wamebeba watoto na mabegi vichwani. Milima ya Jalandhar na misafara ya barabarani ilitokana na jambo moja: kazi ilikuwa imesimama. Kipimo cha hewa kilionyesha kwamba mitambo imezimwa. Hakikuweza kuonyesha kama aliyekuwa akiiendesha alikula siku hiyo.

Takwimu zilizotangazwa Agosti zinaonyesha jinsi dhiki ilivyogawanyika. Sekta ya ujenzi ilishuka kwa asilimia 50.3, na uzalishaji wa viwandani kwa asilimia 39.3. Kilimo kilikua kwa asilimia 3.4. Gesi iliyopimwa angani iliona vizuri viwanda, mitambo ya umeme na magari. Jembe la mkulima haikuliona, wala fundi cherehani aliyefunga kibanda chake, wala mama aliyekuwa akiuza chai kituoni. Nchini India watu wa namna hiyo ndio wengi zaidi katika nguvu kazi, na hata hesabu rasmi za mwanzo zilitegemea zaidi taarifa za makampuni yaliyosajiliwa. Hivyo mwenye biashara ndogo hakuonekana kutoka juu, na kutoka chini alionekana kwa kuchelewa.

Moshi ulirudi kabla ya mteja

Upofu wa pili ulijitokeza wakati wa kufungua. Nchini China, viwanda vilianza kuwaka tena mwezi Machi, na Wuhan ikafunguliwa tarehe 8 Aprili. Katika robo ya pili ya mwaka uchumi ulikua kwa asilimia 3.2. Aliyetazama hewa pekee angesema msiba umekwisha. Lakini mauzo ya rejareja katika robo hiyohiyo yalikuwa bado chini kwa asilimia 3.9 kuliko mwaka uliotangulia. Tanuri zilikuwa zimewaka, ila watu waliendelea kuogopa mikahawa, na waliopoteza kipato walikuwa wakibana matumizi.

Jambo hili lina uzito katika utoaji wa huduma. Msaada wa dharura ukipangwa kwa kufuata moshi, utasitishwa mapema kwa watu wanaotegemea wateja wa ana kwa ana. Kiwanda kinaweza kurudi kazini kwa amri moja. Mwenye genge hurudi pale jirani yake anapopata tena fedha ya kununua nyanya.

Hali ilivyo katika Afrika Mashariki

Wataalamu wa Benki ya Dunia walijaribu kutumia gesi hiyohiyo kuzichunguza nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Katika eneo hili vikwazo ni vingi zaidi. Picha ndogo kabisa inayochukuliwa na TROPOMI hufunika takriban kilomita 5.5 kwa 3.5, yaani karibu kilomita za mraba 19. Ndani ya eneo hilo soko zima, stendi na vitongoji kadhaa huhesabiwa kama nukta moja. Mawingu mazito ya masika huziba macho ya setilaiti. Katika kiangazi, moto unaowashwa kusafisha mashamba na ule wa misituni hutoa nitrojeni dioksidi, na asiyejua mazingira anaweza kudhani kwamba shughuli za viwanda zimeongezeka, kumbe ni nyasi zinazoungua.

Uganda inatoa mfano ulio karibu. Tarehe 25 Machi 2020, Rais Yoweri Museveni alisimamisha usafiri wa umma, na bodaboda zikakatazwa kubeba abiria. Tarehe 30 Machi magari binafsi nayo yakazuiwa. Injini za Kampala zilinyamaza, na jambo hilo ni rahisi kupimwa. Mjini humo, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere hupima vumbi na chembechembe za moshi kwa vifaa vidogo vilivyofungwa karibu na makazi ya watu, vingine juu ya bodaboda. Vifaa vya ardhini huona mtaa ambao setilaiti haiwezi kuutofautisha na mwingine. Hata hivyo, navyo hupima hewa tu. Mwendesha bodaboda aliyekosa abiria lakini akaendelea kudaiwa marejesho ya pikipiki, deni lake haliandikwi angani.

Tanzania haikutoa amri ya jumla ya kukaa majumbani. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020, lakini masoko na barabara viliendelea kuwa wazi, na uchumi wa mwaka huo ulikua kwa asilimia 4.8. Mtu anayesoma moshi wa nchi hii asingetegemea kuona msiba. Lakini watalii kutoka nje, waliozidi 1,500,000 mwaka 2019, walishuka hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Nyuma ya pengo hilo wamo wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, wachonga vinyago, wahudumu wa hoteli za Zanzibar, wavuvi waliowauzia samaki na wakulima wa mboga waliozipelekea hoteli za Arusha. Kazi za watu hawa hazitoi moshi wa kutosha kuonekana kutoka angani. Ziliposimama, hewa ilibaki vilevile.

Yanayopaswa kufanyika katika kata

Kutokana na hayo, somo kwa kata ni kwamba kipimo cha haraka kinachotoka mbali kinahitaji kipimo cha karibu cha kukisahihisha. Mtu asiyetoa moshi ataonekana tu kama amehesabiwa na jirani yake. Kazi hiyo haihitaji mitambo. Inahitaji daftari, kalamu na uaminifu wa kurudia jambo lilelile kila wiki, hasa wakati wa hali ya kawaida. Maana bila kumbukumbu za siku za heri hakuna wa kuthibitisha ukubwa wa siku za shari.

Kumbukumbu tano zingetosha kuanzia. Ya kwanza ni idadi ya wauzaji waliofika sokoni na mnadani, pamoja na fedha za ushuru zilizokusanywa. Fedha peke yake haimwonyeshi muuzaji mdogo asiyetozwa. Ya pili ni bei ya mahindi, maharage, mafuta ya kula na mafuta ya taa. Ya tatu ni idadi ya magari ya abiria yanayoingia na kutoka stendi. Ya nne ni hali ya marejesho katika vikundi vya kuweka na kukopa, kwa jumla ya kikundi bila kutaja jina la mdaiwa. Ya tano ni mahudhurio shuleni na zahanati, kwani mzazi aliyeishiwa huanza kumpunguzia mtoto daftari na kujipunguzia dawa. Taarifa hizo zikifikishwa kila mwezi katika Kamati ya Maendeleo ya Kata na kusomwa katika mikutano ya vijiji, kata itaweza kuonyesha kwa ushahidi mahali panapouma.

Kuna kikwazo kimoja kinachostahili kusemwa wazi. Wananchi wengi huogopa kuhesabiwa, kwa kuamini kwamba anayeandikwa leo atatozwa kesho. Hofu hiyo haikuzuka bila sababu, na haiondoki kwa kukemewa. Mwananchi anayeona kila daftari ni mtego wa kodi atajificha wakati wa neema, na wakati wa msiba atakutwa bado amejificha. Itafaa basi kumbukumbu za hali ya maisha zitenganishwe na orodha za watozwaji, zitunzwe na watu waliokubaliwa na mkutano wa kijiji, na matokeo yake yabandikwe hadharani ili kila mmoja aone kilichoandikwa na matumizi yake.

Lipo pia suala la hewa yenyewe. Nitrojeni dioksidi huwasha njia za pumzi na huzidisha pumu, hasa kwa watoto, hivyo kupungua kwake ni heri. Mwaka 2020 heri hiyo ililipiwa kwa riziki za watu. Kuna njia nyingine za kuipata: injini zinazotunzwa vizuri, majiko yanayotumia kuni chache, na taka zisizochomwa ovyo. Anga la namna hiyo likitakata, hakuna atakayelazimika kutembea hadi kijijini kwao akiwa na njaa.

Setilaiti itaendelea kupita kila siku saa saba na nusu mchana. Itaona magari, mitambo na moto wa mashamba. Saa hiyohiyo mama lishe anakuwa akipakua chakula, na anajua amebakiwa na sahani ngapi zisizo na mlaji. Hesabu hiyo ya sahani ndiyo isiyofika angani, na ndiyo inayopaswa kufika katika ofisi ya kata.